Fidla ya Ng'ambo

Katika kikundi cha kidumbak, ule muziki wa kuchezwa harusini Unguja, mpiga fidla hana pa kujificha. Kwenye klabu kubwa za taarab, kama Ikhwani Safaa au Mila na Utamaduni, fidla zimekaa safu nzima. Mmoja akiteleza, wenzake wanamfunika. Mmoja akichoka, wimbo hautetereki, kwani kuna ganuni, kuna udi, kuna kodiani, na nyuma kabisa kuna besi kubwa inayoushikilia wimbo usiyumbe. Kidumbak haina akiba hiyo. Kuna vidumbak viwili, kuna sanduku, kuna mkwasa na cherewa, na juu ya vishindo vyote hivyo kuna fidla moja. Kuufungua wimbo ni kazi yake. Kumjibu mwimbaji ni kazi yake. Wimbo mmoja unapoisha na wa pili ukapokea hapo hapo, wachezaji wasipewe hata nafasi ya kufuta jasho, yeye ndiye anayewavusha. Na mara nyingi mwimbaji ni yeye huyo huyo.

Sura hii ni ya mtu aliyeibeba kazi hiyo hadi ikafika pa juu: Makame Faki. Unguja wengi wanamwita Sauti ya Zege, na kwa hakika sauti yake ni nzito, ina mchanga ndani yake, haifanani na sauti laini ambazo taarab imezizoea. Lakini sifa hiyo ya koo imeufunika mkono. Watu wakimtaja wanamtaja kama mwimbaji, tena mwimbaji wa Mila na Utamaduni, na hapo mazungumzo yanakwisha. Mimi nashikilia kwamba fidla ya kidumbak, kama alivyoipiga yeye, ni moja ya mambo makubwa yaliyotoka katika muziki wa kisiwa hiki, na kwamba hatujampa haki yake.

Tuanze na vyombo, maana bila kuvielewa hutaelewa ugumu wa kazi yenyewe.

Sanduku ni sanduku kweli. Ni kasha la mbao, la aina ile iliyokuwa ikisafirishia majani ya chai, limegeuzwa mdomo chini. Mgongoni limetobolewa tundu, uzi mnene umepitishwa, na ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye fimbo iliyosimamishwa ukingoni. Mpigaji analikanyaga kasha lisimkimbie. Mkono mmoja unaivuta fimbo: uzi ukikaza sauti inapanda, ukilegea inashuka. Mkono wa pili unadonoa. Hakuna alama hata moja ya kumwonyesha sauti iko wapi. Anaitafuta kwa sikio na kwa uzito wa bega lake, na akishaipata hana nafasi ya kuifurahia, kwa sababu mapigo yanayofuata yameshafika.

Vidumbak ni ngoma ndogo, kwa asili za udongo, kiuno chembamba, ngozi upande mmoja. Ngozi hupashwa moto ikaze. Mkwasa ni vijiti vifupi vya kugonga, na cherewa ni vifuu vya nazi vyenye mbegu ndani. Vyote hivi vinatunza mapigo. Havibebi lahani. Sasa tazama jambo hili: katika kikundi kizima, vyombo vinavyotoa sauti ya kupanda na kushuka ni viwili tu, sanduku na fidla, na vyote viwili havina alama ya kuongoza kidole. Hakuna ganuni iliyokwisha kutiwa sauti kabla ya shughuli ambayo wengine wanaweza kuiegemea. Hakuna kinanda. Sanduku likipanda kidogo kuliko inavyotakiwa, mpiga fidla ama apande nalo, ama alivute lirudi, na uamuzi huo anaufanya huku anaimba, huku bibi mmoja amesimama mbele yake na noti mkononi anataka kumtunza. Ndiyo maana nasema kidumbak ni mtihani wa sikio kuliko taarab yoyote ya ukumbini.

Msikilize Makame Faki akiingia. Haanzi kwa pambo. Uta unagusa uzi mara chache, mkavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuwa wenyewe wapo. Ngoma zinaitika, sanduku linajiweka sawa, na lahani inatoka moja kwa moja katika mwendo wa kucheza. Anapoimba, fidla haimfuati neno kwa neno. Inakaa kimya kwenye mshororo, kisha inapenya mwishoni, pale pumzi inapokatika, na kuusema mshororo ule ule kwa njia nyingine. Sauti yake ya koo ni nzito na ya chini. Fidla iko juu yake, kali, inakwaruza kidogo. Mtu mmoja anajibizana na nafsi yake kwa sauti mbili zisizofanana, na kila moja inaifanya nyingine isikike vizuri zaidi. Mwimbaji mwenye sauti tamu asingehitaji fidla ya namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mkwaruzo ule ni dosari, kwamba fidla ya taarab inatakiwa itoke laini, kama ilivyo katika rekodi za Kimisri tulizokulia. Siafikiani nao. Fidla ya kidumbak inapigwa uani, barabarani, kwenye uwanja mdogo kati ya nyumba na nyumba, mbele ya watu wanaoimba na kupiga makofi. Sauti laini ingemezwa. Inatakiwa sauti yenye ncha, inayopita juu ya ngoma na kumfikia mama aliyeko mwisho wa duara. Mkono unaoweza kutoa ukali huo bila kuipoteza lahani ni mkono uliokomaa.

Ng'ambo ndiko muziki huu ulikojengwa. Mgeni anayekuja leo anauona Mji Mkongwe, ule ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na anadhani ameuona mji. Lakini kwa muda mrefu wakaazi wengi wa mji walikaa ng'ambo ya pili, upande wa mashariki wa ule mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, ambao leo tunaupita kwa barabara kuu ya Darajani bila kukumbuka kwamba tunatembea palipokuwa na maji. Mwembetanga, Kikwajuni, Miembeni, Kisiwandui: hiyo ndiyo mitaa ya watu wa kazi, wachukuzi, mafundi, wapishi, watu waliokuja mjini kutoka mashamba na kutoka bara. Harusi zao zilitaka muziki. Klabu kubwa yenye wapigaji zaidi ya ishirini ni gharama, inataka jukwaa na viti, na inawataka watu wakae watulie wasikilize. Kidumbak inataka kivuli na watu watano au sita wanaojua kazi yao.

Tofauti ya gharama ikageuka tofauti ya heshima. Taarab ikawa ya kusikilizwa, kidumbak ikawa ya kuchezwa. Taarab inaenda na kanzu na koti, kidumbak inaenda na leso kiunoni. Nyimbo ni zile zile mara nyingi: mpiga kidumbak anauchukua wimbo unaovuma wa klabu, anaupunguza mapambo, anauongezea mwendo, anauunga na mwingine, na mwingine, hadi watu wa shughuli wanapandwa na mori. Wanamuziki nao mara nyingi ni wale wale. Lakini mtu akiutoa wimbo ukumbini anaitwa msanii, na akiupeleka uani anaitwa mpiga ngoma. Makame Faki ameishi pande zote mbili za mstari huo. Pale Mila na Utamaduni, klabu iliyoanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana na yenye makao yake Vuga, alikuwa miongoni mwa waimbaji wake wakuu wa kiume. Akitoka hapo, anakuwa kiongozi wa kidumbak. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba alipiga kidumbak kwa kushindwa taarab. Aliipiga kwa kuwa aliijua na kuipenda.

Na tukirudi nyuma zaidi, dharau hii kwa vikundi vidogo inashangaza. Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba na kufa mwaka 1950, hakuwa na safu za fidla. Aliyemfuata Bombay mwaka 1928, kwenda kurekodi sahani za santuri zilizolitangaza jina lake pwani nzima, hakuwa mpiga ganuni wa kasri na wenzake thelathini. Alikuwa na kikundi cha watu wachache, kina Subeti, Buda, Mbaruku na Mwalimu Shaban, na vyombo vya kuhesabika. Ile taarab kubwa ya fidla nyingi tunayoiona ndiyo ya asili ilipata umbo lake baadaye, kwa kuziiga bendi za Cairo zilizokuwa zikisikika kwenye filamu na redio, za akina Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab. Sisemi hili kuishusha. Ni muziki mzuri mno. Nasema tu kwamba ukitafuta ni wapi leo utakuta kikundi kidogo, mwimbaji aliye karibu na watu, Kiswahili cha mtaani na lahani inayobebwa na chombo kimoja, utakikuta kwenye kidumbak. Mtafiti Janet Topp Fargion, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu taarab ya Unguja, ameitazama taarab na kidumbak kama mambo yaliyoshikana, na ukishasikia vikundi vyote viwili katika wiki moja huoni njia nyingine ya kuvitazama.

Nilipokuwa nikifikiria mfano wa bingwa aliyefichwa na nafasi yake, aliyenijia kwanza hakutoka pwani hii. Ni Mmarekani, Walter Horton, mpiga kinanda cha mdomo katika muziki wa bluzi. Kinanda cha mdomo nacho kilikuwa chombo cha mtu asiye na kitu: kidogo, rahisi, kinaingia mfukoni, na kilionekana kama mchezo wa watoto hadi watu weusi wa kusini mwa Marekani walipokifanya kilie kama mtu. Bingwa anayetajwa siku zote ni Little Walter, ambaye mwaka 1952 alitoa "Juke", wimbo usio na maneno uliofika nambari moja katika chati za muziki wa watu weusi. Anastahili. Lakini mwaka uliofuata, huko Memphis, Horton aliingia studio ya Sun na mpiga gitaa mmoja, Jimmy DeBerry, wakatoa "Easy". Mle ndani kuna gitaa, ngoma kidogo, na kile kinanda kinachoanza kwa mnong'ono na kuvimba hadi kinajaza chumba. Willie Dixon, mtu aliyefanya kazi na karibu kila jina kubwa la bluzi la Chicago, alimweka Horton juu ya wapiga kinanda wote aliowasikia. Hata hivyo Horton alitumia sehemu kubwa ya maisha yake nyuma ya waimbaji wengine, akiwajibu mwisho wa mshororo. Katika filamu "The Blues Brothers" ya mwaka 1980 anaonekana mtaani Maxwell, anampigia John Lee Hooker, na mamilioni ya watu walimwona bila kujua wamemwona nani. Alifariki mwaka 1981.

Kinachowaunganisha Horton na Makame Faki ni ile kazi ya kujibu. Anayejibu mwimbaji anatakiwa asikilize kuliko anavyopiga. Akizidisha, ameharibu wimbo. Akipunguza, mwimbaji amebaki peke yake. Akiipatia hasa, msikilizaji anasema: mwimbaji huyu leo kaimba! Tofauti ni kwamba Makame Faki ndiye mwimbaji pia, na hapo ndipo penye ajabu: yeye mwenyewe ndiye aliyemficha mpiga fidla aliyemo ndani yake.

Zipo sababu nyingine, na nyingi tumezitengeneza sisi wenyewe. Utaratibu wa taarab tangu zamani unamtaja mtunzi wa maneno na mwimbaji. Mshairi anaheshimiwa, na ni haki yake, kwa kuwa watu wetu wanakwenda kwenye taarab kusikiliza maneno, kutafuta fumbo linamlenga nani. Mtu anainuka na kutunza kwa sababu ya ubeti uliomgusa, na pesa inakwenda kwa mwimbaji. Sijawahi kumwona mtu akitembea ukumbi mzima kwenda kumtunza mpiga fidla kwa jinsi alivyounganisha beti mbili. Halafu ulimwengu wa nje ulipokuja na majukwaa yake ulimchagua Bi Kidude, na tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005 ilikuwa halali yake bila ubishi. Lakini hadithi ya bibi kizee mwenye sauti ya radi na ngoma kiunoni ilikuwa tamu kiasi kwamba haikuacha nafasi ya hadithi ya pili.

Na kuna rusha roho. Miaka ya 1990, East African Melody na wenzao walipokuja na taarab ya kisasa, kinanda cha umeme kilichukua kazi ya fidla, ya kodiani, ya besi, na ya ngoma pia. Mwenye harusi aliyekuwa akiita kidumbak kwa ajili ya watu wacheze, sasa alipata kitu kingine cha kuchezea, chenye maspika makubwa na mipasho ya wazi. Sina ugomvi na mipasho. Ninachosikitikia ni kwamba kinanda cha umeme kinatoa sauti zilizokwisha kupangwa kiwandani, na lile jambo la watu wawili kutafutana kwa sikio, mmoja kwenye sanduku na mmoja kwenye fidla, halimo humo wala haliwezi kuwamo.

Bahati nzuri ushahidi upo. Mwaka 1997 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa albamu ya Kidumbak Kalcha, kundi lililotokana na wanamuziki wa Mila na Utamaduni chini ya Makame Faki, na wakaipa jina la Ng'ambo. Mtu anayetaka kuanza na aanze hapo. Nampa ushauri mmoja: asikilize mara ya kwanza kwa ajili ya maneno, maana hawezi kujizuia. Mara ya pili ayaachie maneno yapite, alifuate sanduku peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, aone linavyokwenda kama mtu mnene anayecheza kwa wepesi. Mara ya tatu ndipo aifuate fidla. Atagundua kwamba inapofika pahala ambapo nyimbo zinaungana, fidla inatangulia: inaanza kuudokeza wimbo unaokuja kabla ule wa mwanzo haujakwisha, na waliozoea wanajua miguu ielekee wapi kabla hawajaambiwa. Baada ya hapo asikilize zile rekodi za Mila na Utamaduni anazoimba akiwa na safu nzima nyuma yake. Ni sauti ile ile, lakini utaona imekaa kitako. Kwenye kidumbak imesimama.

Kwa upande wa mafunzo, hali si mbaya kama ilivyokuwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, kiliichukua kidumbak na kuiweka darasani pamoja na taarab na ngoma, na kwenye jukwaa la tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe, kidumbak imepigwa mbele ya watu wa kila taifa. Vijana wanaotoka huko wanajua kusoma noti na wanajua majina ya makamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Lakini kidumbak haifundishiki yote darasani. Jinsi ya kumwona mchezaji amechoka ukapunguza mwendo kabla hajakaa, jinsi ya kuurefusha mshororo kwa sababu biharusi ndiyo kwanza anaingia, mambo hayo mtu anayapata kwenye shughuli, pembeni ya mkubwa wake, shughuli baada ya shughuli.

Basi nina ombi kwa msomaji wa Unguja, na kwa yeyote mwenye ndugu Unguja. Kidumbak nyingi hazikuwahi kuingia studio. Zimo kwenye kanda za kaseti na za video zilizorekodiwa harusini, miaka ya 1980 na 1990, ambazo leo zimelala makabatini na masandukuni, zinaliwa na joto na chumvi ya bahari. Watu wanaziweka kwa ajili ya sura ya biharusi na ya marehemu bibi, na ni sawa. Lakini nyuma ya biharusi kuna mtu ameshika fidla. Itoeni kanda hiyo, inakiliwe kabla haijashikana, na juu ya nakala andikeni mtaa, mwaka, na jina la aliyepiga. Kama hamlijui, waulizeni wazee wa mtaa wangali wapo.